Mahali pa Kuchomeka Mkuki

8 Februari 2025

Kwa Pakine,

Sopa! Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Noonkopir, goti lako likiwa na adabu, na mjukuu wako Seleyian akisoma vizuri. Mimi sijambo, ila theluji imefika dirishani. Binti yangu Lucy ataipiga picha barua hii aitume kwa simu, maana subira ya stempu imeniishia.

Huku hakuna mwingine anayeniita Pakine. Tangu unipe yule mbuzi mwekundu tulipokuwa vijana, ndilo jina letu la Kimaasai la waliopeana mbuzi, wewe kwangu na mimi kwako. Miaka arobaini ugenini, na bado nikilisoma nasikia kengele za ng'ombe.

Nina jambo. Bunge la jimbo letu linajadili mswada: mtu mzima yeyote aruhusiwe kubeba bastola chini ya koti bila leseni. Ningeusoma na kufungua ukurasa mwingine, lakini umefika kwenye nyama yangu. Unamkumbuka jirani yangu, mwanajeshi mstaafu, tunayechoma naye mbuzi kila mwezi? Ndiye aliyetupeleka hospitali siku marehemu mke wangu alipozidiwa. Juzi aliinama kugeuza mbavu, koti likapanda, nikaona bastola kiunoni, karibu na kichwa cha mtoto wa Lucy.

"Sikujua unabeba," nikamwambia.

"Ndiyo maana ya kuficha, Simel!" akacheka. "Na mswada ukipita, kila mtu atabeba."

Lucy hakucheka. Amesema hamleti mtoto tena palipo na bastola. Nikimwambia jirani aiache, nitampoteza rafiki. Nikinyamaza, nitamkosa mjukuu. Wewe ungefanyaje?

Mimi, Pakine wako


15 Februari 2025

Kwa Pakine wa barafuni,

Sopa oleng! Goti linakusalimu, limekataa kukaa chini na pia limekataa kusimama. Sisi wote wazima. Pale boma la baba yako lilipokuwa sasa ni flati za ghorofa tano, na mpangaji wa juu anafuga kuku kwenye veranda. Asubuhi jogoo anawika angani kama ndege ya uwanja wa Wilson.

Kuhusu jirani, kwani umesahau ulikozaliwa? Mgeni akija kwa baba yako, mkuki wake alikuwa anauchomeka wapi? Nje, kando ya mlango, umesimama wima, kila mpita njia akiuona. Hakuna aliyemwambia, "Leta hapa hicho kitu." Hakuna aliyeona ameaibishwa. Mwambie hivyo, mwanaume kwa mwanaume.

Mimi pia niko na vita vyangu. Nilikwenda supamaketi hapa Kitengela kumnunulia Seleyian keki ya siku ya kuzaliwa. Askari wa mlangoni, kijana anaitwa Amolo, akaniambia, "Mzee, acha hiyo rungu hapa." Mimi! Niache rungu kwenye ndoo ya miavuli! Nikamwambia hili si silaha, ni mkono wangu wa tatu. Nikageuka nikarudi nyumbani. Seleyian amekula mandazi, na mpaka leo ananiita Jenerali.

Pakine


10 Machi 2025

Kwa Jenerali Pakine,

Salamu nyingi, na pole kwa vita. Natumaini wote hapo mmeamka salama. Huku theluji inayeyuka, viatu vimelowa, afya ipo.

Nimecheka mpaka Lucy akaja kunitazama. Unanifundisha kuacha mkuki nje, na wewe umeshindwa kuacha rungu! Lakini kicheko changu kimeisha. Nilinunua sanduku la chuma lenye kufuli, nikaliweka mlangoni. Jirani alipofika nikamwambia, "Tafadhali, weka humo."

Akalitazama sanduku, akanitazama mimi. "Simel, unaniogopa?"

Mimi, niliyefanya kazi ya maktaba maisha yangu yote, nikamwonyesha tu jinsi kufuli linavyofunga. Akarudi kwake taratibu. Mbuzi mzima tumemla watu watatu, mimi, Lucy na mtoto, na kiti chake kitupu.

Pakine wako


14 Machi 2025

Pakine,

Sopa. Leo salamu ni fupi kwa sababu niko na habari ya maana. U mzima, mimi mzima, basi.

Liondoe sanduku. Sanduku ni la kufungia vitu vya mtu usiyemwamini. Nimelijua hilo pale supamaketi. Nilirudi jana, Seleyian akinisukuma mgongoni, nikasimama mbele ya Amolo kama mtu wa kukamatwa. Akasema, "Mzee, hii siwezi kuiweka na miavuli. Nitaishika mimi mwenyewe." Akalipokea kwa mikono miwili. Nilipotoka na keki nikamkuta amesimama wima, rungu kifuani, akimwambia mama mmoja, "Usiguse, ni ya Mzee Nelson." Nikajiona chifu! Sasa nakwenda kila siku, hata kununua kiberiti.

Mtu hakatai kuacha silaha. Anakataa kunyang'anywa. Mpe jirani mahali pa heshima.

Pakine


20 Aprili 2025

Pakine, hujambo? Mbona kimya? Seleyian anasema mswada wenu umepita. Jirani je? Au na wewe umenunua bastola? Nijibu hata mstari mmoja.

Pakine


6 Mei 2025

Kwa Pakine,

Sopa, ndugu yangu, na samahani kwa kukuweka roho juu. Sikutaka kuandika nikiwa na kiti kitupu.

Ni kweli, mswada umepita na gavana ametia sahihi. Siku hiyohiyo niliandika kikaratasi nikakisukuma chini ya mlango wa jirani: "Sikuogopi. Kwetu mgeni huchomeka mkuki wake nje, na mwenyeji huchomeka wake kando yake. Jumamosi fimbo yangu itakuwa imesimama getini." Sanduku nimelitia viatu vya bustani.

Jumamosi Lucy akaja na mtoto, macho yao getini. Saa sita ikapita. Mara jirani akatokea, kavaa shati lililoingizwa ndani ya suruali, kiuno kitupu kila mtu akikiona. Mkononi kabeba uma mkubwa wa kugeuzia udongo! Akauchomeka kwenye nyasi kando ya fimbo yangu, akapiga saluti.

"Ile nyingine nimeifungia nyumbani," akasema. "Huu ndio mkuki wangu."

Mtoto wa Lucy akakimbia, akaja na kijiko chake cha kuchezea mchanga, akakichomeka pia. Tumebishana kuhusu ile sheria mchana kutwa, yeye akiipenda, mimi nikiichukia, midomo imejaa nyama.

Na mbuzi alikuwa wake, kamnunua mwenyewe kwa mfugaji. Kwa desturi yetu, yule aliyenipa mbuzi namwitaje? Unajua. Lakini jina ni letu sisi wawili, sijalitamka bila ruhusa yako.

Pakine


8 Mei 2025

Rafiki yangu,

Sopa! Hapa hata goti limecheka. Msalimie Lucy, na umsalimie zaidi yule mwenye kijiko.

Jina mpe jirani, amelipata kihalali. Ila mimi sikubali kulingana na mtu wa uma wa bustani. Kwa hiyo jana nilikwenda Kajiado kwenye mifugo yangu, nikachagua ndama mmoja wa kike, wa kahawia, tumbo jeupe. Nimemkata masikio kwa alama ya ukoo wenu. Ni wako. Flati hazijafika alipo, na anakula nyasi akikusubiri. Ukija, fimbo yako nitaishika mimi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Waliopeana ndama hawaitani tena kwa jina la mbuzi, wana lao. Kwa hiyo soma sahihi vizuri.

Wako,
Paashe