Fumueni Nyumba Kabla ya Mei

Yakutsk,
Jumatatu, 15 Oktoba 2007

Kwako Dada Marfa,

Shikamoo, dada yangu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Gavril na wale mapacha, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua tangu baridi kavu ilipoingia. Je, ng'ombe wameingia zizini salama? Nyasi zimetosha, au mtalazimika tena kuwabembeleza wale wa ng'ambo ya mto? Nasikia ziwa limeshika barafu mapema mwaka huu. Mwambie Gavril asiharakishe kwenda kukata barafu ya maji ya kunywa. Ziwa lile linajifanya gumu wakati katikati bado ni uji.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, natembea. Ila nimejaa hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, kama utakavyoona. Ningepiga simu, lakini simu ya posta unaijua, ukipiga chafya hapa mjini kijiji kizima cha Ulardakh kinakuombea afya. Kwa hiyo nimempa Prokopy dereva barua hii, na nimemwapisha akukabidhi mkononi mwako, asiiache dukani. Isome ukiwa peke yako kwanza.

Barua yako ya mwisho ilinichoma. Uliniita "dada wa mataifa." Uliandika kwamba nina marafiki katika nchi kumi na nane lakini sijui ni ng'ombe gani wetu aliyekufa. Niliikunja nikaitupa chini ya meza, halafu nikainama nikaiokota. Ulisema kweli, Dada, na mtu haumwi na maneno kama yanapokuwa ya kweli.

Lakini nataka ujue ule mtandao wetu wa watafiti vijana ulianzaje, maana mnadhani ulikuwa mchezo wa kusafiri. Miaka mitatu iliyopita, kwenye mkutano wa wataalamu kule Ulaya, tulijikuta vijana sita tunakula mkate kwenye ngazi za jengo kwa sababu ukumbi wa chakula ulikuwa wa maprofesa. Kila mmoja wetu alikuwa na shimo jembamba alilolitoboa kwao katika udongo ulioganda, na uzi wa vipimajoto ndani yake, na hakuna aliyemjali. Henrike, yule Mjerumani mrefu uliyemwona, alisimulia jinsi mzee mmoja wa kazini kwake alivyochukua vipimo vyake vya miaka miwili na kuvichapisha kwa jina la mzee. Nikamwambia, hata mimi. Kijana wa Norway, Torstein, akasema hata yeye. Tukacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kichungu kama nyongo. Hapohapo tukaandika majina yetu sita nyuma ya karatasi ya kufungia mkate, tukasema kuanzia leo hatutaibiwa tena.

Basi nikawa katibu. Kila siku saa ya chakula, wenzangu walipokwenda kula supu, mimi nilikaa mbele ya ile kompyuta moja ya ofisi nikiwaandikia vijana nisiowajua, wa Alaska, wa Kanada, wa Mongolia, hata mmoja wa Argentina anayepima udongo wa milimani. Majina sita yakawa mia na ishirini. Tukaweka sheria zetu. Sheria ya kwanza niliiandika mimi kwa mkono wangu: hakuna mwanachama atakayetoa vipimo vya shimo lolote nje ya mtandao kabla makala yetu ya pamoja haijachapishwa. Tulikuwa na mashimo arobaini, kumbuka. Niliona nimejenga ua wa kuzuia wezi. Nilijivuna sana, Dada. Sikuona ni nani niliyemwacha nje ya ua.

Na shimo mojawapo kati ya hayo arobaini ni lile lililo nyuma ya uzio wenu. Ulitupikia chai siku tulipolitoboa, na Mama akamwaga maziwa kidogo motoni ili ardhi isitukasirikie.

Sasa turudi Agosti, wenzangu wa mtandao walipokuja wageni kwenu. Kijiji kiliwapokea kama wakwe. Ulikaanga samaki wa ziwani mpaka nyusi zikaungua, Gavril akachinja, watoto wa shule wakaimba. Wageni wakapiga picha zizi la jirani lililolala ubavu, wakapiga picha uwanja wa shule uliojaa matuta na mabonde pale ambapo barafu ya chini imeyeyuka. Mmoja akasema kwa lugha yao kwamba ni pazuri ajabu. Pazuri! Watoto wetu wanavunjika miguu pale wakicheza mpira.

Ndipo Shangazi Ogdo akasimama na fimbo yake. Unakumbuka alivyosema: "Wanangu, mmeshiba? Haya, sasa na mimi mnilishe. Mmetoboa ardhi yetu, mmeipima homa. Nyumba zetu zitasimama miaka mingapi?" Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nikatafsiri neno kwa neno. Wakatazamana. Henrike akaniambia niseme kwamba mambo hayo hayawezi kuzungumzwa kwa sasa, kwa sababu ya makala. Torstein akatazama viatu vyake. Na mimi nikamgeukia shangazi yetu, aliyenifundisha kukamua, nikamwambia kwamba wageni wanasema utafiti unakwenda vizuri, na wanashukuru sana kwa samaki.

Akaketi taratibu. Akasema, "Tumbo limejibu, kichwa kimenyamaza." Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona mlangoni na mwiko. Mimi nilitamani yale mabonde ya uwanjani yafunguke yanimeze. Jioni ileile, mezani kwenu, wakanichagua kuwa mwenyekiti wa mtandao mzima, na mkapiga makofi.

Tangu siku ile sikupata raha. Wiki tatu zilizopita nikaiandikia kamati ya mtandao. Nikasema naomba ruhusa ya kukipa kijiji kimoja tu, Ulardakh, vipimo vya shimo lake chenyewe. Sikuomba kuvichapisha wala kuviuza, niliomba kuwapa wenye nyumba. Tukafanya mkutano kwa simu. Henrike akasema kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi, kwamba tukimfungulia mmoja mlango, wote watapita, na wale wazee wa kutuibia watakuwa wa kwanza kuingia. Mwingine akasema tutazusha hofu. Mwingine akaniuliza kama mimi ni mtafiti au ni mkuu wa wilaya.

Hapo nikalipuka. Nikawaambia kwamba wao wanapima ardhi wasiyolala juu yake. Nikawaambia kwamba samaki waliyemla alivuliwa na mtu ambaye sakafu yake inazama, na kwamba mwizi ni mwizi hata akiwa kijana, hata akiwa na makala nzuri. Henrike akaanza kulia. Akanikumbusha kwamba sheria ile niliiandika mimi. Nikamjibu kwamba basi na nifungwe mimi kwa kuiandika. Walipopiga kura, saba walikataa, wawili tukakubali. Wa pili alikuwa Torstein, nami sikumtarajia. Baadaye aliniandikia mstari mmoja tu, kwamba nyumba ya bibi yake iko juu ya ardhi ya aina hiyohiyo.

Ijumaa nilivunja sheria yangu. Utakuta ndani ya bahasha hii bahasha nyingine nene. Ni ya mkuu wa kijiji. Humo mna vipimo vyote vya shimo la Ulardakh, na ramani niliyoichora kwa rangi, nyumba kwa nyumba, bila neno hata moja la kitaalamu. Mwambie aisome kwenye ukumbi wa klabu ya kijiji mbele ya watu wote, na Shangazi Ogdo akae mstari wa mbele. Kamati nimewaarifu mwenyewe. Kufikia leo asubuhi wameshanivua uenyekiti na jina langu limefutwa kwenye makala. Hapa kazini nimeambiwa niandike maelezo. Nitaandika, wala sitaomba radhi.

Ungedhani hasira yangu inaishia hapo. Laiti ingekuwa hivyo.

Dada, nimekuwa nikizunguka kama ng'ombe anayeogopa daraja. Sasa nasema. Wao walinikatalia mwezi uliopita, lakini mimi nilijua tangu Septemba ya mwaka jana. Ni miezi kumi na tatu. Hakuna aliyenizuia wakati ule, kwa sababu sikumwuliza mtu.

Zamani joto la kiangazi lilikuwa likiishia mita moja na nusu chini ya uwanja wenu. Sasa limepita mita mbili, na hapo ndipo barafu inapoanzia. Na si barafu ya kokoto kokoto, ni kabari nzima, nene kuliko urefu wa Gavril, inayopita chini ya pembe ya kaskazini ya nyumba, penye jiko la matofali. Pale anapolala Mama. Niliyaona hayo kwenye karatasi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, nikaandika namba kwenye jedwali, nikafunga daftari.

Halafu nikaja kwenu Mwaka Mpya. Gavril alikuwa amekata magogo ya chumba cha mapacha, anangoja kiangazi akiunganishe na ukuta wa kaskazini. Tulikuwa tunakula samaki mbichi wa barafu, amefurahi, akaniuliza kwa utani, "Haya, msomi wetu, ardhi inasemaje? Nijenge au nisijenge?" Ninaisikia sauti yake hata sasa. Nikamwambia, "Ardhi imelala, shemeji. Jenga." Alijenga. Alitumia kiangazi kizima, akakosa hata kwenda kuvua. Mwezi Agosti nilikanyaga ile sakafu mpya nikaisifu.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mpaka nikajichukia. Ningependa kukuambia kwamba ni sheria, lakini Gavril asingempelekea mtu wa Kanada vipimo vyangu. Nilijua kwamba nikikuambia wewe utamwambia Mama, Mama atamwambia Ogdo, na asubuhi kijiji kizima kitakuwa mlangoni kwa mkuu, na wenzangu wa kamati watasikia kwamba Tuyara ndiye aliyevujisha. Nilitaka wanione mwaminifu. Niliutaka uenyekiti, Dada. Niliutaka kuliko nilivyotaka Mama alale salama. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na sina mengine ya kuyafunika.

Sasa nisikilize, kisha unitukane. Nyumba haitaanguka majira haya ya baridi. Kila kitu kitaganda na kushikana mpaka mwezi wa tano. Ila msikubali kiangazi kingine kiwakute pale. Fumueni nyumba kabla ya Mei. Magogo bado mazima, yanahamishika. Wekeni alama kila gogo kwa rangi, ukuta kwa ukuta, muyavute kwa trekta juu ya theluji mpaka upande wa misonobari, nyuma ya makaburi ya zamani. Pale udongo ni mchanga mtupu, hauna barafu ya kuyeyuka, na nimeupima mwenyewe. Jiko la matofali litabomolewa na kujengwa upya. Kwa sasa kitanda cha Mama kihame pembe ile, leo hii, mwambie unataka kupaka chokaa. Kama mlango wa kaskazini umeanza kukwama, usiuchonge. Acha ukwame, nataka niuone.

Gavril nitamwambia mwenyewe. Usimwambie wewe, tafadhali, maana utampunguzia makali kwa kunipenda, na mimi nataka anipigie kelele usoni. Atasema kiangazi chake hakirudi, na atakuwa na haki. Mama naye nitamwambia mimi.

Nitakuja Jumamosi na gari la Prokopy. Nimeomba likizo ya mwezi, na kama hawatanipa nitakuja bila likizo. Nina ndoo mbili za rangi nyekundu, glavu, na shoka la marehemu Baba. Sikuombi unisamehe, Dada, si kwa barua. Mkinifungia mlango sitagonga. Nitazunguka nyuma, nianze kuweka alama kwenye magogo nikiwa nje.

Nisalimie Mama kwa mashavu yote mawili. Wabusu mapacha. Mfikishie Shangazi Ogdo heshima zangu, na umwambie kwamba jibu lake limo kwenye ile bahasha nene.

Wako wa tumbo moja,
Tuyara