Mama Yuko Kwashemshi

Manundu, Jumanne jioni. Tangu asubuhi mawingu yameshuka kutoka milimani, yametanda juu ya Korogwe kama mgeni asiyetaka kuaga, na mvua hayatoi. Nimevua viatu vya mahakamani nikavitupa uani. Nina hasira, lakini si ile mliyoizoea humu kwenye safu yangu, inayotafuta mkubwa wa kumparua. Ya leo imekosa pa kwenda, imerudi nyumbani na mimi.

Leo nimemfanyia ukatili mdogo wangu mbele ya hakimu.

Na umefaa.

Sefu ndiye mdogo wangu pekee. Alikuwa mkulima Misima, kule Handeni, mpaka lori la mawe lilipomkuta pembeni mwa barabara akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Dereva alikiri kosa, akatozwa faini, akarudi kwenye usukani. Sefu naye alirudi kutoka hospitali na mikono yake yote, miguu yake yote na utani wake wote. Alichokiacha barabarani ni uwezo wa kushika jambo jipya. Ukimwambia kitu sasa hivi, baada ya kitambo kimemwagika. Ya zamani anayo: atakusimulia msimu ambao nguruwe pori walimaliza mihogo yetu, nani alikimbia na nani alipanda mti. Lakini hajui kama amekula. Mkewe hathubutu kumwacha peke yake na jiko lenye moto.

Bima ya lile lori wanasema amepona. Ripoti ya daktari wetu wanaiita ya zamani. Ndiyo maana nimefungua madai ya fidia kwa niaba yake, na ndiyo maana wao wameomba mwenyewe asimame aulizwe, ionekane kama kweli hawezi kujisemea.

Kuna jambo moja zaidi. Mama yetu alifariki wakati Sefu yuko hospitali hajitambui. Tulimzika bila yeye. Alipozinduka tulimwambia, akalia kilio cha mtoto wa kiume wa pekee. Kesho yake akauliza mama yuko wapi. Tukamwambia tena, akalia upya, machozi yaleyale ya mara ya kwanza. Tulifanya hivyo mara kadhaa, mpaka mkewe akasema, "Wifi, huku si kumwambia ukweli, ni kumpiga."

Tangu hapo mama yuko Kwashemshi. Ndiko kwao, milimani, na alipokuwa hai hakuna msimu wa maharage uliopita bila yeye kupanda kwenda kuangalia shamba la ndugu zake. Sefu huuliza, tunajibu, yeye hutikisa kichwa na kucheka. "Mshambaa na maharage yake!" Ukoo mzima unajua jibu hilo. Hata watoto.

Sasa tuje kwa wakili wa bima.

Kijana, suti imemkaa, sauti ya asali. Nilijiandaa kwa simba. Akaja na salamu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Hali yako?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Na kichwa je, mzee?"

"Kipo juu ya shingo, mwanangu. Ulikiona wapi kingine?"

Mahakama nzima ikacheka. Hakimu naye akacheka, nikamwona.

"Una shida yoyote?"

"Sina. Shida tumwachie mpangaji anayedaiwa kodi."

Wakacheka tena. Akamwuliza mambo ya kilimo, Sefu akatiririka kama mto Ruvu masika. Akamwuliza nyumbani. Wazima. Watoto? Wazima. Mama mzazi? "Mzima kabisa, kaenda kwao Kwashemshi." Kijana akainama kwa heshima, akasema hana swali zaidi, akakaa.

Nimeandika miaka mingi nikiitetea adabu yetu. Nimegombana na wasomi walioiita upotevu wa muda. Lakini sisi ni watu ambao mgonjwa anakata roho, unamwuliza hali, anakujibu hajambo, kisha anakufa. Yule kijana amezaliwa na salamu hizo kama mimi. Alijua hakuna Mzigua atakayeulizwa hali na mtoto mwenye heshima akajibu kwamba ameharibika. Akachukua malezi ya mama yangu akayafanya ushahidi dhidi ya mwanawe. Sheria haikumfundisha hilo. Alifundishwa na bibi yake, kwenye mkeka.

Zamu yangu ikafika.

"Mama, wewe ni mwandishi," akaniambia, huku akitabasamu. "Nimekusoma. Unajua sana kuongeza chumvi."

"Na wewe unajua sana kusalimia," nikamjibu. Hakimu akanionya.

"Basi iambie mahakama. Mzee huyu tuliyemsikia hapa, ana kasoro gani?"

Jibu nilikuwa nalo tangu Sefu aliposema mama mzima. Wakili wetu pia alikuwa nalo. Binti huyo aliniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena. Nilimwelewa vizuri kabisa: omba Sefu atolewe nje kwanza. Hakimu angekubali. Ilikuwa sentensi moja tu.

Sikuisema.

Nilitaka waone. Waliocheka wote, nilitaka waone.

"Mheshimiwa," nikasema, "mama yetu amekufa." Kisha nikamgeukia Sefu pale kwenye benchi, nikamtazama usoni. "Sefu. Mama alikufa. Tulimzika ukiwa hospitali."

Alivua kofia polepole. Nadhani hata yeye hakujua anaivua.

"Mama yupi, dada?"

"Mama yetu."

Sitaandika sauti iliyotoka. Nitaandika alichouliza, kwa sababu nimestahili kukibeba. Hakuuliza alikufa kwa nini.

"Nani aliingia kaburini? Dada Zena, nani alimpokea mama kaburini na mimi sikuwepo?"

Nikamwambia ni baba mdogo. Akaanza kujipiga kifua, akisema yeye ni mtoto gani, amewaachia wengine mama yake. Karani alilia. Kijana wa bima akasimama. "Mheshimiwa, hii ni michezo ya kuigiza!" Sauti yake haikuwa ya asali tena. Hakimu akaahirisha kwa muda.

Nje walimkalisha kivulini, wakampa maji. Mimi sikumsogelea. Nilisimama mbali kama mtu aliyegonga na kukimbia.

Tuliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia. Akapita mbele ya yule kijana wa bima, akasimama kumpa mkono.

"Hujambo mwanangu? Sidhani kama tumeonana. Mimi ni Sefu, wa Misima."

Kijana akaupokea mkono. Mdogo wangu akamgeukia karani. "Mama yangu hajafika? Alikwenda Kwashemshi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Mnadhani ndiyo mwisho? Hamuijui bima. Kijana alijikohoza, akaomba daktari wao amchunguze Sefu upya, kisha daktari huyo aje atoe ushahidi, Sefu akiwepo. Hakimu akakubali. Barazani wakili wetu alinishika mkono. "Mama, leo umefanya kazi iliyoshinda ripoti. Daktari wao akija na hadithi kwamba amepona, huenda ikabidi..."

Nikammalizia mwenyewe. "Nimuue mama tena."

Hakukataa.

Tulitembea kurudi Manundu, Sefu akimsalimia kila muuza ndizi. Vijana wa bodaboda wakampigia kelele, "Mzee Sefu, twende Handeni, tukurushe bure!" Akawajibu kwamba yeye na vyombo vya moto walishaachana kwa talaka tatu. Tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo, akashika kifua.

"Dada."

"Naam."

"Leo kuna mtu kanikosea sana. Simkumbuki ni nani. Lakini hapa pananiuma."

Kumbe machozi yanamwagika, uchungu haumwagiki. Hilo daktari wetu hakulieleza kwenye ripoti yake, na sisi miezi yote hii tulijifariji kwamba akisahau amepona.

Nilimwambia apumzike, litapita.

Nimejihoji tangu alasiri. Nikikataa, mkewe atabaki na mume asiyeweza kuachwa na moto, na bima watakwenda zao wakicheka na kichwa kilicho juu ya shingo. Nikikubali, nitamzikia mama yake upya, na maumivu yatabaki bila jina. Nimesoma vitabu vingi vinavyojua kuchagua kati ya haki na huruma. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mtu mwenye Sefu.

Nitakwenda. Safari hii nitaomba atolewe nje kwanza. Na wakisema hawaamini mpaka waone, nitamwita arudi ndani, na nitasema tena. Mungu akitaka kunihukumu, Manundu anapajua.

Sefu yuko jikoni, moto nimeuzima, anakula ugali. Ananiita, anauliza kama mama nimemwekea chake.

Nimemwekea.