Firigisi kwa Mkwe Mmoja

Mwanangu Neema,

Baba yako yu mzima, pua tu ndiyo imegandishwa na upepo wa Makambako, na tangu mchana nacheka peke yangu kama kichaa.

Shangazi yako alituchinjia jogoo hapa kwake Mahongole. Mumeo Lars akakalishwa kwenye kochi, akapewa firigisi. Zakaria, mume wa binti yake Rehema, mtu wa Lupingu kule ziwani, akaachiwa benchi la mlangoni na shingo ya kuku. Nikamsikia dada akimnong'oneza jirani: "Mkwe wangu ni huyu mweupe. Yule mweusi ni wa Rehema."

"Dada," nikasema mbele ya wote, "nilipokuandikia kutoka Ulaya kwamba Wazungu walininyima chumba cha kupanga kwa rangi yangu, ulilia wiki nzima. Mbona Zakaria humlilii?"

Rehema akaacha kupakua.

"Unanisema nyumbani kwangu, na kuku wangu mdomoni?" dada akafoka.

"Shingo nayo tamu, mjomba," Zakaria akaniambia, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akaenda kuketi naye pale kwenye benchi, akamwuliza taratibu mama yake anaitwa nani. Ndoa ina miaka mitano, na hakuwahi kumwuliza.

Mbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili. Mwambie ana bibi mwingine Lupingu, anaitwa Eliza.

Baba