Mahamri ya Kuombea Nafasi

Alhamisi, Garland, 2004

Bado nina hasira. Ile shule ya charter, ya umma ila huendeshwa na watu binafsi, imefungwa ghafla, na Zuhura wangu kakaa nyumbani wiki nzima.

Leo nimempeleka shule ya kawaida ya serikali hapa mtaani. Kwetu Mombasa nafasi hubembelezwa, basi nikabeba mahamri ya moto nimpe mwalimu mkuu. Karani akaangalia bili yetu ya stima tu, ajue tunakaa mtaa huu. Mimi huku namsihi, mwanangu ana bidii, jamani...

Zuhura akanivuta buibui. "Mama, stop! Tunakaa hapa, so nafasi ni yangu. Naanza kesho."

Ati "yangu"? Hivyo tu?

Mahamri nimerudi nayo, kwa aibu. Naogopa atakaa peke yake darasani. Lakini alfajiri nawapikia wenzake wa darasa mengine. Hayo hayaombi kitu.