Kipimo cha Kidole Gumba

Jumatatu, 9 Machi

Sisi hapa wazima. Baba watoto hajambo, goti tu. Mama mkwe hajambo, analalamika, ndiyo uzima wake. Kitinda mimba hajambo, anakula kama mchwa. Binti yangu mkubwa — huyo sijui nisemeje. Najiandikia mwenyewe, lakini mkono wangu haujui kuanza bila salamu.

Kaleta sebuleni skrini ya hospitali anayoitengenezea programu, kubwa kama mlango wa kabati. Mgonjwa atagusa kitufe, aelekezwe chumba. Ijumaa anamwonyesha mkuu wake. Ikikataa, kazi yake ya majaribio imekwisha. Chai yake imepoa mara mbili.

Jumanne, 10 Machi

Ati Mama njoo uijaribu, wewe hujui kompyuta, ndiyo nakutaka. Asante mwanangu.

Nimegusa WATOTO, ikafunguka MIFUPA, kitufe cha chini yake. MACHO — ikaja MENO. Nikamwambia mashine yako kiziwi. Ati yeye huchora kwenye karatasi ya kichwani, mia kwa mia. Skrini ina vidoti vyake, maelfu. Kila kipimo kizidishwe, kisha kishushwe kupisha utepe wa jina la hospitali kule juu. Kidole kikigusa, hesabu irudi kinyume: ipandishwe, ndipo igawanywe. Mahali fulani kakosea, hapaoni. Baba yake kutoka kochini: si useme tu imepinda.

Jumatano, 11 Machi

Hajala. Anabadilisha, ananiita, nagusa — MENO. Anabadilisha — MENO. Hayo meno yamenichosha. Mama mkwe naye: msichana kutwa mbele ya kioo, ataolewa lini? Nikamjibu, mama, kioo hiki hakiposi.

Alasiri nikagundua. Ukigusa juu zaidi, upana wa kidole gumba, inatii. Aliponiita tena nikagusa hapo hapo. Yeye ananitajia, anasoma kwenye kompyuta yake ndogo kilichofunguka, haangalii mkono wangu. MACHO — yakaja macho! Vyote vikakubali. Kanikumbatia, kala sahani mbili. Moyo wangu mweupe. Mashine kama mume, ukishamzoea hakusumbui.

Ijumaa, 13 Machi

Kaondoka na gauni la bluu. Nimefagia ukumbi mara tatu.

Kapiga simu sasa hivi, yuko koridoni, sauti ndogo. Mkuu kagusa WATOTO, ikafunguka MIFUPA. Kauliza nani aliijaribu hii. Binti kamjibu, mama yangu. Wakacheka. Halafu akaniuliza taratibu: Mama, Jumatano ulikuwa unagusa kwenye jina lenyewe, au wapi?

Nikamuuliza kama amekula. Nikasikia wanamwita ndani, simu ikakatika.

Nampigia, hapokei. Nimemwandikia ujumbe, vidole vinakosa herufi: Mwanangu ni mimi. Sikugusa jina, niligusa juu zaidi, gumba zima. Nilitaka ule. Mwambie mkuu asiondoke.

Tiki moja tu, haujamfikia. Baba yake anauliza kuna nini, nasema hakuna.

Bado moja. Nijibu upesi, mwanangu, hata neno moja.