Niliikejeli Baiskeli ya Mianzi, Sasa Naiendesha kwa Kificho

Mpendwa Mama Ketrina, naomba msaada wako, na jina langu usilitaje, majina mengine nimeyabadilisha, maana hapa Itaka gazeti moja linasomwa na nyumba kumi.

Mimi ni mkulima wa kahawa, nina miaka sitini na miwili, na binti yangu Tusekile amechumbiwa na Edson, fundi baiskeli wa kule mjini Mpemba, sasa mwezi uliopita yeye na wazee wake walipoleta mahari, juu ya ng'ombe tuliokubaliana, wakashusha na zawadi yangu, baiskeli ambayo fremu yake yote ni mianzi, viungio vimezungushiwa katani na gundi, wakasema imetengenezwa Zambia na bei yake inapita ng'ombe wawili, nami mbele ya ndugu zangu wote nikasema, "Mianzi mimi naanikia kahawa, sijafikia kuipanda," watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, na kwa kuona wanacheka nikaongeza kwamba kijana anayenunua mti kwa bei hiyo hawezi kunitunzia mwanangu, warudi kwao wakajipange.

Waliondoka na ng'ombe wao, ila baiskeli Edson aliiacha, akasema zawadi ameshanikabidhi. Tangu siku hiyo Tusekile ananipa shikamoo, basi, neno lingine hakuna.

Sasa aibu yenyewe ni hii, mama, Alhamisi moja mke wangu Restuta alipokwenda kwaya niliitoa stoo nione itavunjikia wapi, nikaenda nayo hadi mtoni nikarudi, haikuvunjika, na ile njia yetu ya mawe ambayo kwa baiskeli yangu ya chuma hunitikisa mpaka kiuno kinalala na dawa ya kuchua, siku hiyo niliteremka napiga mluzi, na tangu hapo kila Alhamisi naitoa. Ninataka harusi iwepo, lakini wale ndugu watanionaje? Naweza kusema daktari ndiye aliyeniagiza niipande?

Baba wa Binti, Itaka

MAMA KETRINA ANAJIBU

Baba, shikamoo. Nimekuamkia, sasa niache nikuseme.

Daktari mwache na wagonjwa wake. Kuishangaa fremu ya mianzi si kosa, hata mimi nilipoiona Tunduma niliigonga kwa kucha kama ninanunua tikiti maji. Kosa lako ni kwamba kicheko kilikunogea, ukamkataa mtu kwa sababu ya kitu ambacho hujakijaribu.

Huyo kijana anashinda akichomelea fremu za chuma zilizokatika. Anajua chuma kinabeba gunia bila kulalamika, na anajua pia kwamba kila jiwe la njiani linamfikia mpandaji. Mianzi inapunguza mtikisiko, ndiyo maana akakununulia. Sasa jiulize, fundi wa Mpemba alijuaje kwamba una kiuno kibovu? Aliambiwa na Tusekile. Ulipowachekesha ndugu zako, ulikuwa unaikejeli huruma ya mwanao, naye amesimama hapo anasikia.

Kwa hiyo mtume mshenga, Edson na wazee wake waje. Waite ndugu wale wale, uwalaki wageni barabarani ukiwa juu ya mianzi yako, mchana, kila mtu akuone. Ulimvunjia heshima mbele za watu, mwombe radhi mbele ya watu hao hao. Wakikucheka, vumilia, wewe ndiye uliyewaanzishia.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo Tusekile akikuamkia, usiitikie tu ukamwacha aondoke. Mwambie umemkosea. Anasubiri uanze wewe.