Uso wa Mkamwana kwenye Kioo cha Kamera

Ngonga, Kyela
Jumapili, Julai 2008

Asubuhi imeamka na ukungu kutoka ziwani na baridi kidogo, baridi ile ya kwetu ambayo watu wa Tukuyu wakishuka huicheka. Sikwenda kanisani. Nimemwambia mke wangu kwamba goti linauma.

Goti haliumi.

Naandika haya kwa kalamu hapa barazani, na siku nikifika mjini nitayachapa kama yalivyo. Wanaofungua ukurasa wangu huu wa mtandaoni wamezoea picha: mpunga ukiwa kijani, vyungu vya gulio la Lyulilo vikishushwa kutoka kwenye mtumbwi, milima ya Livingstone ikiwa na kofia ya mawingu. Leo hakuna picha. Kamera nimeivika soksi na kuifungia sandukuni. Nitaeleza sababu, lakini polepole, kwa kuwa nimefundisha miaka mingi na sijajifunza kueleza jambo kwa haraka.

Kamera yenyewe ni ndogo, kama kipande cha sabuni ya kuogea. Binti yangu alinitumia kutoka Dar wakati wa Pasaka. Zamani nilikuwa na kamera ya mkanda. Ukiishiwa picha unaupeleka mkanda Mbeya ukasafishwe, unangoja, unalipa hata kwa zile zilizoungua. Ile kamera ilikufundisha kufikiri kabla ya kubonyeza. Hii haifundishi. Unabonyeza unavyotaka, kisha unaangalia nyuma kwenye kioo chake, na kuna kitufe cha kuikuza picha: uso uliokuwa kama punje ya mchele unakuja mpaka unajaza kioo chote.

Kitufe hicho nilikipenda kuliko vyote.

Kwa wasomaji wasio wa huku, lazima nieleze desturi moja. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao, yaani mkamwana, hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akikusikia unakuja anaacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa akikupa mgongo mpaka upite. Hali nawe wala hazungumzi nawe. Likiwapo la kuambiana, linapitia kwa mama mkwe. Si chuki, ni heshima, na wazee walikuwa na sababu zao za kuweka umbali kati ya mwenye mji na mke wa kijana wake. Mkwe naye ana wajibu. Akitembea akohoe, au agongeshe fimbo chini, au aimbe, ili mwanamke apate nafasi ya kujitenga.

Familia nyingi zimeiacha, hasa mjini. Sisi hatukuiacha. Mke wangu aliishi hivyo kwa baba yangu, akamlea mkamwana wake katika njia hiyo hiyo. Na mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, nilipenda kuheshimiwa hivyo. Huwa nasema nilikuwa namridhisha mke wangu. Si kweli. Nilipenda.

Mkamwana wangu ni mke wa Lusajo, kijana wangu anayefanya kazi Tunduma na kurudi mara moja moja. Jina la mwanamke sitaliandika. Nyumba yao iko ng'ambo ya mikokoa yangu, miti ya kakao, karibu kiasi kwamba nasikia akitwanga. Lakini tangu aolewe sikuwa nimewahi kuuona uso wake.

Mwezi uliopita nilitoka asubuhi na mapema kwenda kijitoni kumtafuta mdiria, yule ndege wa buluu anayekula samaki. Ndege hapigwi picha na mtu anayekohoa. Kwa hiyo nilinyata, kimya, kamera mkononi. Kwenye kona ya mikokoa mkamwana akatokea na ndoo ya maji kichwani. Nilikuwa upande wake wa kushoto. Hakuacha njia. Alikuja moja kwa moja mpaka bega lake likanigusa mkono. Alipiga ukelele, ndoo ikaanguka, viatu vyangu vikajaa maji, naye akakimbia amejifunika kanga yote usoni.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimwambia mke wangu kwamba mkamwana wake siku hizi ananipita kama tunagombania samaki gulioni. Mke wangu akaenda kumkemea. Baada ya siku chache akaletwa kuku, kama inavyotakiwa mtu akivunja mwiko.

Nilimla. Nikasifu mchuzi.

Sasa nifike kwenye picha. Wiki iliyopita tulipura mpunga wetu, na majirani wa kike walikuja kusaidia. Mimi nilisimama mbali, juu ya tuta, kama heshima inavyotaka, nikawa napiga. Mke wangu alinipigia kelele kutoka kwenye turubai: "Baba Lusajo, ngoja tusimame! Usitupige tumeinama kama bata." Wanawake wakacheka, nami nikapiga wakiwa wanacheka, na nadhani ndipo wote walipoinua nyuso.

Jioni, jua halijazama, nilikaa hapa hapa barazani kuchagua picha ya kuweka kwenye ukurasa huu. Ninapochagua nakuza uso mmoja mmoja, kuona kama hakuna aliyefumba macho. Nikamkuza mke wangu. Nikamkuza jirani yetu mmoja. Nikasogeza kwenye uso wa tatu, uso wa mwanamke mwembamba mwenye mwanya, anacheka, na sikumjua ni nani mpaka nilipoona kanga, ile ile aliyojifunika mkamwana siku ya ndoo.

Mtu mwenye adabu angeizima kamera pale pale.

Mimi niliendelea kubonyeza. Nilikuza tena. Na sababu ya kwanza, niseme ukweli, haikuwa nzuri wala mbaya: nilitaka tu kumjua mtu anayenipikia. Ndipo nikaona jicho la kushoto. Juu ya mboni palikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa lililoganda.

Nimefundisha sayansi. Kila msimu wa mavuno nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kapi la mpunga likiruka jichoni usisugue, usitie maji ya majani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana linachubua ile ngozi angavu ya mbele, panakuwa kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe ambalo mwanga haupiti. Nilikuwa nachora ubaoni. Na hapa, umbali wa kusikilizana kwa mchi, kidonda kilikuwa kimeanza, kimeiva na kupona vibaya bila mimi kujua.

Nikaelewa pia habari ya njiani. Nilikuwa kushoto kwake. Hakuniona.

Sasa inakuja sehemu ninayoionea aibu. Sikusema. Kusema kungekuwa kukiri kwamba nimemtazama mkamwana usoni, tena kwa kumkuza. Mara mbili niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kamera hii ina adabu, inauliza kwanza kama una hakika. Mara zote mbili nilijibu hapana, lakini sikufanya lolote zaidi ya hapo. Siku mbili nilikula, nilikwenda shambani, nilisoma gazeti la zamani, na kila nilipousikia mchi nilisimama kuangalia kitu kingine.

Mwishowe nilimwita mke wangu nikamwonyesha.

"Umemtazama usoni?" akaniuliza.

"Kwenye kamera."

"Kamera hiyo inatazamwa kwa macho ya nani?"

Akaichukua, akaishika mbali kwa sababu ya macho yake ya uzee. Kisha akasema yeye anamwona kila siku. Jicho lilikuwa jekundu mwanzoni mwa mavuno, wakaliosha, wakatia majani, likaacha kuuma, wakashukuru Mungu. Hakujua kwamba limekuwa jeupe kiasi hiki. Mkamwana alikuwa anainama anaposema naye.

"Alitaka nikuambie," akasema. "Alisema baba ni mtu wa shule, atajua pa kwenda. Nikamwambia ngoja kwanza, yule bado ana hasira ya njiani."

Ijumaa tulikwenda hospitali ya wilaya. Rafiki yangu Salehe, mwenye duka mjini ambako huwa nachaji betri za kamera, alikuja na pikapu yake. Wanawake walikaa mbele. Mimi nilipanda nyuma.

"Mwalimu, mzee mzima unakaa na magunia?" Salehe akauliza.

"Mkwe yumo ndani."

"Wanyakyusa mna mambo," akasema, akaondoa gari.

Daktari ni kijana wa kutoka mbali, Kinyakyusa hakijui. Aliniamkia vizuri akanitaka niingie nisaidie kueleza, kwa kuwa Kiswahili cha mke wangu ni cha kuombea chumvi. Nikasimama mlangoni, mgongo kwao, nikiutazama ukuta. Tukafanya kazi hivi: daktari anauliza kwa Kiswahili, mkamwana anamnong'oneza mama mkwe kwa Kinyakyusa, kwa sababu hapazi sauti nikiwapo, mke wangu anarudia kwa sauti, mimi namwambia daktari kwa Kiswahili. Tuliendelea vizuri. Lilianza lini, lilitoka usaha, mlitia nini.

Kisha daktari akauliza kwa nini hawakuja mapema.

Nikasikia mnong'ono. Mke wangu akaurudia, neno kwa neno, na sidhani kwamba ilikuwa bahati mbaya: "Anasema alitaka baba aambiwe. Lakini baba alikuwa amemkasirikia."

Daktari akangoja. Nami nikauambia ukuta: "Anasema hakujua kama ni jambo kubwa."

Kiswahili safi, hakuna kosa hata moja.

Daktari akamgeukia. Alimkemea bila ukali, lakini alimkemea. "Mama, jicho si kidonda cha mguu. Ungekuja likiwa jekundu tungelitibu kwa dawa ya matone. Umejizembea mwenyewe." Nikasikia kalamu yake ikiandika kwenye kadi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa maneno niliyompa.

Mkamwana wangu ana darasa la saba. Kiswahili anakijua vizuri kabisa. Alisikia alichouliza daktari, akasikia nilichojibu, akasikia alivyolaumiwa, na hakusahihisha. Desturi ilimfunga mdomo jicho lilipoanza kuuma, ikamfunga tena mbele ya daktari, na mara hii mimi nilijificha nyuma yake nikijua ninachofanya.

Jicho hilo linaona mwanga na kivuli cha mkono, si zaidi. La kulia ni zima. Tumepewa barua ya rufaa kwenda Mbeya, ambako watapima waseme kama kuna la kufanya, daktari hakutuahidi. Nilimuuliza, bado nikiwa mlangoni, kama zile siku mbili nilizokawia kumleta zimeharibu kitu. Nilitaka sana ajibu hapana.

"Siku mbili si kitu, mzee," akasema. "Ni ule mwezi wa kabla yake."

Basi ndiyo nafuu niliyopata.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa peke yangu na magunia, kwa hiyo sijui walizungumza nini mbele. Tulipofika, mke wangu alingoja mkamwana apotee kwenye mikokoa, kisha akaniambia: "Ulimpa daktari maneno ambayo mtoto hakuyasema." Akaingia jikoni. Tangu hapo ananisemesha ya chakula na ya mifugo tu. Leo aliposikia habari ya goti alinitazama kidogo, akachukua Biblia yake akaondoka.

Nimekaa hapa na maelezo mengi. Ninaweza kueleza jicho linavyofanya kazi. Ninaweza kueleza asili ya desturi, faida zake na mahali ilipoharibika. Nimegundua kwamba yote hayo nimeyaandika hapa juu kwa ufasaha zaidi kuliko lile neno moja la mlangoni.

Jumanne wanapanda basi kwenda Mbeya. Lusajo atawapokea huko. Daktari wa Mbeya naye atauliza kwa nini hawakuja mapema, na kwenye kadi atakuta imeandikwa kwamba mama huyu alijizembea.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mkamwana ukweli kesho. Lakini kesho nimekwisha kuitumia vya kutosha katika jambo hili.

Naona wanawake wanarudi kutoka kanisani. Nitakwenda kusimama nje ya jiko lake, mgongo wangu ukiwa ukutani, yeye akiwa ndani. Sitamtuma mama mkwe wake. Nitasema kwa Kinyakyusa kwamba lile nililomwambia daktari lilikuwa uongo, na kwamba nilijua ni uongo. Nitamwambia kwamba Mbeya azungumze kwa kinywa chake, aseme kwamba alitaka nisaidie na mimi nilikuwa nimenuna. Nami mwenyewe nitakwenda kwa yule daktari kijana kumwomba asahihishe kadi.

Kisha nitangoja. Sijui kama atanijibu, wala sina haki ya kumtaka anijibu. Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kumpa nafasi hiyo.